Nyuso za Benchi la Nyuma

Kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha watu sura zao wenyewe, papo hapo, wakiwa bado wamekaa harusini. Nilishika kamera, waya mrefu ulitoka kwenye kamera, ukapita chini ya viti hadi kwenye projekteri, na projekteri ilitupa picha kwenye shuka lililotundikwa ukutani nyuma ya maharusi. Mtu wa mwisho kabisa ukumbini aliona pete ikiingia kidoleni kana kwamba amekaa mbele. Akiinua chupa yake ya soda, alijiona ukutani akiinua chupa, akacheka, akamgusa jirani yake na yeye atazame. Bunia ilipenda sana mambo hayo wakati ule. Mapigano makubwa ya mjini yalikuwa yamepita, askari wa kulinda amani, wenye kofia za buluu, walikuwa wamefika, na ingawa vijijini bunduki zilikuwa zinaendelea, mji ulikuwa umeanza tena kuoa na kuolewa.

Vyombo vilikuwa vya patroni wangu, mfanyabiashara aliyevileta kutoka Kampala pamoja na grupe, jenereta ndogo ya umeme. Alinichukua kwa sababu kabla ya vita nilifanya kazi kwenye studio ya picha. Yeye mwenyewe hakujua vyombo vile. Alijua kitu kimoja tu, na siku ya kwanza alinifundisha hicho.

"Weka lumière juu, contraste juu, couleur juu," aliniambia. "Yote juu. Batu banalipa ili baone."

Nilimtii katika harusi za mwanzo, na picha zikawa mbaya. Kulikuwa na kuvrefe: kabla ya giza kila mtu alipaswa kuwa kwake, kwa hiyo sherehe zote zilifanywa mchana, na taa ya projekteri yetu haikuweza kushindana na jua la Bunia. Nikipandisha lumière, yaani mwanga, suti nyeusi ya bwana harusi iligeuka kijivu, na nyuso zetu zikawa na rangi ya majivu ya jikoni. Nilijifunza polepole, peke yangu, kwa kukosea. Nilishusha lumière hadi kitu cheusi kiwe cheusi kweli, kisha nikapandisha contraste, ile tofauti ya nyeusi na nyeupe, kidogo kidogo, nikaacha kabla gauni halijapoteza mikunjo yake na kuwa karatasi tupu. Madirisha niliyaziba kwa bashi, yale maturubai waliyogawiwa watu waliokimbia, ambayo mengine yaliishia sokoni. Ukumbi ulipata joto kama tanuri, lakini shuka likaanza kuonyesha watu.

Bashi zilikuwa za buluu. Siku moja, katikati ya hotuba, muzee mmoja wa upande wa bwana harusi aliangalia ukutani kwa muda, akaniita kwa kidole.

"Mama," akasema, "juu ya nini unatuonyesha sawa batu benye bamekwisha kufa?"

Hakuwa anatania. Nilitazama shuka nikaona alichokiona: mwanga uliopita katika bashi ulikuwa umewapaka wote rangi ya maiti, midomo na kucha, wakiwa wamevaa nguo za sherehe. Katika mji ule, kila mtu aliwahi kuona rangi hiyo mahali ambapo hakutaka kuiona. Kuanzia siku hiyo sikuanza kazi kabla ya kuinua kitambaa cheupe mbele ya kamera, ndani ya mwanga uleule wa ukumbi, ili kamera ijue nyeupe ni ipi. Rangi za watu zikarudi.

Shida nyingine ilikuwa gauni la bibi harusi. Kamera ikiachwa ijipangie mwanga yenyewe, huogopa weupe mwingi na kujifunga, na uso wa bibi harusi unakuwa shimo jeusi juu ya nguo inayong'aa. Basi nilinyoosha mkono wangu mbele ya kamera, nikapima mwanga kwenye ngozi yangu, nikaufunga hapo, kanda ikiwa tayari inazunguka, ndipo nikawageukia watu. Kwa hiyo kila kanda niliyopiga ilianza na mkono wa mwanamke, kutoka kiwiko hadi vidole, usiofanya kitu chochote.

Nilikuwa naishi peke yangu. Mama na wadogo zangu walikimbilia kaskazini, wakafika Ariwara, na huko mama akapata meza sokoni. Mimi nilibaki kwa sababu nyumba iliyoachwa bila mtu ilipoteza kwanza milango, halafu mabati, halafu matofali. Habari zao nilizipata kwa madereva wa malori. Dereva aliniambia, "Mama yako anakusalimia, iko muzuri," na mimi nikasema, "Mwambie na mimi niko muzuri," na mazungumzo yetu ya mwezi yakaishia hapo. Kushoto kwangu parseli, kiwanja cha jirani aliyekimbia, ilikuwa imeota majani hadi kwenye madirisha. Kulia walikaa watu waliotoka vijijini, ambao kila walipokuwa wamezoeana na mimi kiasi cha kuombana chumvi, walihama, wakaja wengine.

Patroni hakutaka kuacha kamera dukani kwake, maana duka lilikwisha kuporwa mara moja. Nilirudi nayo nyumbani. Jioni, mlango ukishafungwa na betri ikiwa imebaki na nguvu kidogo, nilirudisha kanda nyuma, nikafungua kile kioo kidogo cha pembeni na kutazama. Mwanzoni nilijiambia kwamba nachunguza kazi yangu. Baadaye niliacha kujidanganya. Nilitaka sauti za watu ndani ya nyumba. Nilikula bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, nikiwa na harusi nzima kwenye meza yangu.

Nikawajua watu. Nilimjua bwana mmoja anayekwenda kila sherehe na ambaye hacheki mpaka mkewe acheke. Nilijua dada wawili wasioongea. Nilimjua mama mmoja mnene, aliyejifunga kitenge, kikwembe cha kijani, aliyekuwa anacheza akiwa amekaa, mabega tu, kwa sababu goti lake lilimuuma. Alilishika kila mara aliposimama. Yeye nilimpenda kuliko wote. Alikuwa anacheka bila kutoa sauti, mkono kifuani. Nilirudisha nyuma mahali pake mara nyingi.

Nilimkuta sokoni siku moja, anauza samaki wa chumvi wa kutoka ziwani. Furaha iliyonipata naikumbuka hata leo. Ilikuwa ile ya kumwona shangazi baada ya muda mrefu. Nilienda moja kwa moja kwenye meza yake.

"Jambo, mama. Goti yako inapona?"

Alikuwa anafukuza nzi kwa kipande cha karatasi. Mkono wake ukasimama.

"Weye unanijua wapi?"

"Kwa harusi, mama. Ulikuwa unacheza kwenye kiti. Mimi njo ninashikaka kamera."

"Sikukuona kwa harusi hata moja."

"Nilikuwa nyuma ya kamera."

Alinitazama viatu, kisha uso. "Sura yangu iko kwako?"

"Kwa kanda tu, mama."

"Na nani mwingine anaiangalia?" Akashusha sauti. "Nani alikutuma?"

Nilianza kueleza, na kila nilivyoeleza niliharibu zaidi. Nilimwambia kwamba naangalia jioni, nikiwa peke yangu, kwamba hakuna mwingine. Nilijisikia ninavyosikika. Ilikuwa wakati ambao mtu usiyemjua akikujua, ulikuwa na sababu ya kuhama nyumba. Mama yule alikusanya samaki wake, akawafunga ndani ya gunia, akaondoka akichechemea, na saa za biashara zilikuwa bado hazijaisha. Wauzaji wa meza za jirani walinitazama hadi nilipoondoka na mimi.

Nilimweleza patroni. Akacheka. "Batu banapenda kujiona. Huyo ni mumoja tu."

Harusi ninayotaka kuisimulia ilikuja wiki chache baadaye. Patroni alikuwa safarini Butembo, nikaachiwa kila kitu. Bwana harusi alitoka familia ya wafugaji waliokaa mjini miaka mingi. Bibi harusi, baba yake alitoka upande huohuo, lakini mama yake alikuwa wa upande ule mwingine, wa wakulima waliopigana nao, na vita viliifanya ndoa ile ya wazazi iwe kitu cha kunong'onezwa. Tangu mapigano, ndugu za mama hawakuwa wamekanyaga nyumbani kwa mkwe wao. Siku hiyo walikuja. Walifika kwa miguu, pamoja, wakapewa benchi la nyuma karibu na mlango, na nilipopita na waya wangu walinyanyua miguu.

Nilifunga bashi, nikapima nyeupe, nikapima mkono wangu, nikaanza. Kwa muda mambo yalienda vizuri. Pete, keki, zawadi. Kwaya iliimba na watu wa mbele wakajiona ukutani wakipiga makofi. Mshereheshaji, kijana mwenye sauti kubwa aliyeshika mikro, akasema, "Kamera itembee sasa, tuone bageni betu bote mpaka nyuma." Nikageuka na kamera, nikasogea katikati ya viti, nikaielekeza kwa wale wa benchi la nyuma.

Sura zao zikatokea juu ya shuka, kubwa kuliko mlango, kali, kila kovu mahali pake. Ukumbi mzima ulizitazama. Nilikuwa nimejivunia sana ukali huo wa picha. Nilikuwa nimeutafuta kwa miezi. Mwanaume mmoja alishusha kofia hadi puani. Mwanamke akavuta kikwembe usoni. Mwingine akamficha mtoto wake kifuani kama vile mvua imeanza kunyesha. Mbele, mtu alimnong'oneza mtu, na wote wawili wakageuka kumtafuta nyuma mtu waliyekuwa wamemwona ukutani. Benchi lote likasimama. Katikati yao nikaona kikwembe cha kijani, na yule mama wa samaki ameshika goti lake.

Mwanaume wa kofia alinifikia kwanza. "Zima ile mashini," akasema chini chini.

"Usizime," mshereheshaji akasema kwenye mikro, bila kujua kilichotokea. "Mama, usizime, siye tunaangalia."

Ningezima, ukumbi wote ungejua sababu, na wale wangetoka nje mchana kweupe, mbele ya macho ya wote. Ningeacha, wangetoka hivyo hivyo. Sikufikiri sana. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye pete ya mbele ya kamera, ile inayoleta picha kali au ukungu. Niliondoa ile kazi ya kujilenga yenyewe, nikaizungusha pete hadi mwisho.

Nyuso zikayeyuka. Juu ya shuka ilibaki rangi tu: madoa ya vikwembe, doa jeupe la gauni, kahawia nyingi za ngozi ambazo hakuna mtu angeweza kusema hii ni ya nani. Ukumbi ukaguna. Mshereheshaji akasema, "Mama, picha imepotea," nami nikajibu kwa sauti ili wote wasikie, "Haijapotea. Njo namna ya kisasa, ya kucheza. Wekeni muziki."

Wakaweka. Nilijua sasa lazima iwe nzuri, la sivyo watanitaka nirudishe nyuso. Nilipandisha couleur, ile nguvu ya rangi, kitu ambacho sikuwahi kukifanya tangu nilipoacha kumtii patroni. Nikapunguza kasi ya jicho la kamera, lile la kufunga na kufungua, hadi kila kitu kinachosogea kikaacha mkia nyuma yake. Watu walipoanza kucheza, mikono yao ilichora ukutani. Kikwembe cha njano kilipita kikaacha njia ya njano, kikakatwa na chekundu. Hakukuwa na upande huu wala upande ule kwenye shuka. Nilisogeza kamera polepole, kufuata ngoma, na nilipoona picha inakuwa nyeupe mno karibu na gauni nilishusha lumière kidogo, nikaacha.

Bibi mmoja wa mbele akauliza, "Mimi niko wapi?"

"Inua mukono, mama."

Akainua. Doa la zambarau likarefuka kwenye shuka. Akapiga kelele ya furaha, na wengine wakaanza, mmoja mmoja, kuinua mikono ili kujitafuta. Nyuma, watu wa benchi walikuwa bado wamesimama mlangoni. Bikizee mmoja kati yao, mdogo wa mwili, wa kikwembe cha rangi ya machungwa, aliketi tena kwanza. Aliinua mkono hadi usawa wa bega, akaushusha upesi. Wengine wakaketi.

Mama wa samaki hakuketi. Alikuja kusimama karibu nami, kamera ikiwa kati yetu.

"Ile ya kijani ni mimi?"

"Njo weye, mama."

"Kesho mutu akiangalia, atanijua?"

"Hata mimi sitakujua."

Akatikisa mabega kidogo, na doa la kijani likatikisika ukutani. "Mwanzoni niliona mukono," akasema. "Peke yake. Ulikuwa wa nani?"

"Wangu. Nilikuwa napima mwanga."

"Halafu weye uko wapi mule ndani?"

"Siko, mama. Mwenye kamera haingiaki."

"Aa," akasema. Aliendelea kusimama pale hadi wimbo ulipoisha, kisha akarudi kwa watu wake. Watu wote waliondoka kabla ya kuvrefe, bila ugomvi, wengine wakiagana mlangoni kwa mikono miwili. Nilibaki kukunja waya na kushusha bashi. Jua la jioni liliingia lote kwa mara moja juu ya viti vitupu na vipande vya keki.

Ningependa kusema kwamba nilishukuriwa. Familia ya bwana harusi ilipotazama kanda, walimfuata patroni na kumuuliza kama wanauziwa ukungu. Patroni alinigombeza mbele ya wateja, na alikuwa na haki yake. Watu hawakuwa wameomba rangi, waliomba sura. Hakunifukuza, kwa vile hakuwa na mwingine. Tuliafikiana kwamba kabla ya kila sherehe nipite kwenye viti na kuuliza nani hataki kuonyeshwa, na hao wakae upande mmoja ambao kamera haigeuki. Nikawa nauliza. Mara nyingine upande huo ulijaa kuliko ule mwingine.

Mama wa samaki alinisalimia sokoni tangu siku ile. Alinichagulia samaki wazuri wa chini ya gunia. Hakuniambia jina lake, na mimi sikumuuliza, wala yeye langu. Jioni niliacha kutazama kanda. Ilikuwa vigumu zaidi kuliko nilivyotarajia. Nyumba ilikuwa na sauti ya panya darini, na ya mvua ilipokuja, na basi.

Miezi ilipita. Alasiri moja mtu alibisha mlango, na alikuwa bibi harusi mwenyewe, amevaa kikwembe cha kawaida, uso umevimba. Nilimkaribisha kiti. Alikaa mwisho kabisa wa kiti, kama mtu atakayeondoka sasa hivi.

"Yaya," akasema, kama mtu anayemwita dada yake mkubwa, "koko wangu amekufa. Mama ya mama. Homa. Alikuwa kule nyuma, na kikwembe ya machungwa."

Nilimpa pole. Nilijua atakachosema, na nilitamani asiseme.

"Hakuna picha yake hata moja. Zote ziliungua na nyumba. Ile harusi njo mara moja tu alikuja mbele ya kamera." Akanitazama. "Mule ndani uso wake haiko?"

"Tutaangalia," nikasema.

Kamera nilikuwa nayo nyumbani; nilikwenda kwa patroni kuomba kanda ya asili, ile tuliyobaki nayo. Tulikaa mimi na yeye, kichwa kwa kichwa, juu ya kile kioo kidogo. Mkono wangu ulitokea, ukapita. Pete, keki, zawadi. Ndipo kamera ikageuka kuelekea nyuma, na kwa muda mfupi mno, kabla sijaizungusha ile pete, benchi lilionekana wazi. Niliisimamisha hapo. Kofia, kikwembe usoni, mtoto kifuani. Bikizee alikuwa nyuma ya bega la mwanaume wa kofia. Vilionekana kilemba na nusu ya sikio.

"Yuko pale," bibi harusi akasema. "Sikio yake njo ile."

Kisha rangi zikaanza. Nilitaka kuzima, akanizuia mkono. Tulimfuata koko wake kwa rangi. Doa la machungwa lilikuwa dogo, chini, karibu na mlango. Kila kitu kingine kilikuwa kinakimbia na mikia yake, na lenyewe lilikuwa limetulia. Mara moja likarefuka juu kidogo, likarudi.

"Nini ile?"

"Aliinua mukono," nikamwambia. "Batu walikuwa wanajitafuta. Na yeye akajitafuta."

Hakulia hapo. Aliniomba nirudishe, nikarudisha, akaomba tena. Nilimwambia ukweli, kwamba niliziharibu nyuso kwa makusudi, na kwa nini, na kwamba kama ningejua ningemwachia uso wa bibi yake kwa namna yoyote. Alisikiliza bila kutoa macho kwenye kioo.

"Kama ungeacha sura, wangetoka," akasema baadaye. "Najua. Mama aliniambia. Lakini mimi nilitaka sura."

Niliwasha jiko, nikapika chai. Alikunywa vikombe viwili, akaniuliza mama yangu yuko wapi, nikamwambia Ariwara, akauliza kama atarudi, nikamwambia kwamba dereva wa mwisho alisema amejenga jiko la matofali kule, na mtu hajengi jiko la matofali mahali anapopita. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti. Alitikisa kichwa na kuniongezea sukari, nyumbani kwangu mwenyewe, kama vile mimi ndiye mgeni.

Alirudi tena mara chache kutazama kanda, na mara ya mwisho hatukuitazama, tulichambua sombe tu barazani. Halafu mumewe alipata kazi Kisangani, wakaondoka. Nilimpa ile kanda. Patroni hakujua, au alijifanya hajui. Siku ya kuondoka, bibi harusi alipofika njia panda aligeuka, akainua mkono mmoja, mwingine umeshika mzigo kichwani. Nilimwona wazi kabisa, kwani jua lilikuwa nyuma yangu. Nilisimama mlangoni hadi lori lao liliposikika likiondoka, kisha nikaingia kuandaa vyombo, kwa sababu kesho yake kulikuwa na harusi nyingine.